Sachemu Massasoit na Waingereza: alilaghaiwa, au alijua alifanyalo?

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari: "Wanafunzi wangu wameona kwenye katuni za Kimarekani chifu wa Wahindi Wekundu akila bata mzinga pamoja na Wazungu walioshuka melini. Wameniuliza: huyu Massasoit alilaghaiwa kama Mangungo wa Msovero, au aliwauza watu wake kwa hiari? Na hiyo karamu ilikuwepo kweli? Sikuwa na jibu."

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri, ila wamekuachia majibu mawili tu ya kuchagua, na yote mawili yanamnyima huyu mzee akili yake. Mimi nashikilia kwamba mwaka 1621 Massasoit alijua alifanyalo. Alikuwa kiongozi wa watu waliotoka msibani, mwenye adui mzito mlangoni. Akaona wageni wanaokufa kwa njaa na baridi lakini wana bunduki, akawafunga kwa ahadi kabla adui yake hajawahi kuwafunga. Kwa hali ya mwaka ule, hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokuja kuivuruga hakikuonekana na mtu yeyote wakati ule, hata hao Waingereza wenyewe.

Kwanza jina. Massasoit ni cheo, maana yake sachemu mkuu, yaani chifu mkuu. Jina lake mwenyewe lilikuwa Ousamequin, Unyoya wa Njano. Watu wake wa karibu waliitwa Wapokanoket, tawi la Wawampanoag, wenyeji wa pwani ile, na makao yake yalikuwa Sowams, kando ya ghuba ya Narragansett, pale ulipo leo mji wa Warren katika jimbo la Rhode Island. Neno lake lilisikilizwa na masachemu wengine wa Wawampanoag mpaka rasi ya Cape Cod. Nasema lilisikilizwa, sisemi lilitiiwa. Sachemu alipokea ada, aligawa mashamba, aliamua kesi, na watu wasiporidhika naye waliweza kuhamia kwa sachemu mwingine. Waingereza walimwita mfalme kwa sababu walitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa niaba ya wote.

Sasa msiba. Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya yalipita pwani ile kama moto kwenye nyasi kavu. Wataalamu wanabishana hadi leo kama ilikuwa ndui, homa ya mgunda au kitu kingine. Vijiji vingine havikubakiwa na mtu. Kimojawapo ni Patuxet, na hapo hapo, juu ya mashamba yaliyokwisha kufyekwa na wenyewe wamekufa, ndipo Waingereza walipoanza kujenga mji wao wa Plymouth mnamo Desemba 1620. Wasafiri wa Kiingereza waliopita maeneo yale walikuta mafuvu na mifupa ingali juu ya ardhi, kwa kuwa walio hai hawakutosha kuzika.

Upande wa pili wa ghuba walikaa Wanarragansett, na maradhi yale hayakuwafika. Jirani ambaye jana mlikuwa mkitazamana sawa kwa sawa, leo yeye ana maelfu ya wapiganaji, wewe umebaki na makumi. Walianza kumdai Massasoit awanyenyekee. Mwalimu, ukitaka kuelewa kila alichofanya tangu hapo, anzia ng'ambo ya ghuba, kwa sababu kila asubuhi macho yake yalielekea huko. Plymouth ilikuja baadaye.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa akiwaona Wazungu kwa mara ya kwanza na kuduwaa. Wavuvi na wafanyabiashara wa Ulaya walikuwa wakipita pwani ile kwa miaka mingi. Mwaka 1614 nahodha mmoja, Thomas Hunt, aliwarubuni watu wa Patuxet wapatao 20 wapande meli yake, akachukua na wengine saba wa Nauset, kwenye rasi ya Cape Cod, akaenda kuwauza Málaga, Hispania. Kati yao alikuwemo Tisquantum, ambaye vitabu vinamwita Squanto. Alifika London, akajifunza Kiingereza, na aliporudi kwao mwaka 1619 alikuta kijiji chake kizima kimekufa. Aliyemrudisha, nahodha Thomas Dermer, aliandika barua mwaka 1620 akionya kwamba Wapokanoket wanawachukia Waingereza kwa chuki isiyokwisha, kwa sababu kuna Mwingereza aliyewaalika wenzao melini kisha akawamiminia risasi bila wao kufanya kosa lolote. Hao ni watu wa Massasoit mwenyewe. Aliwajua Waingereza, na alikuwa na kila sababu ya kuwaacha wafe.

Na walikuwa wakifa kweli. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102. Masika yalipofika, karibu nusu walikuwa wameshazikwa. Walikuwa wameanza vibaya pia: mwezi Novemba, kabla hata ya kupata pa kujenga, walifukua ghala la mahindi la watu wa Nauset wakayachukua, wakafukua na makaburi. Wawampanoag waliwatazama tokea msituni majira yote ya baridi. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wa Plymouth, aliandika kwamba alisikia baadaye kuwa waganga wao walikusanyika siku tatu kwenye kinamasi cheusi kuwaapiza wageni hawa kabla ya kuamua kufanya nao urafiki. Yaani uamuzi ulijadiliwa. Haukutokana na ukarimu wa ghafla.

Tarehe 16 Machi 1621, kwa kalenda ya wakati ule, mtu mmoja alitembea peke yake mpaka katikati ya mji wa Plymouth akawasalimu kwa Kiingereza. Huyo ni Samoset, mkuu wa kutoka kaskazini, Maine ya leo, aliyejifunza lugha kwa wavuvi. Siku sita baadaye akaja Massasoit mwenyewe na wapiganaji 60, akasimama juu ya kilima. Hakuna upande uliotaka kuwa wa kwanza kuvuka. Mwisho Waingereza walimtuma Edward Winslow, kijana wa miaka 25, aende na zawadi ya visu na mkufu wa shaba, akabaki mikononi mwa Quadequina, nduguye Massasoit, kama rehani. Massasoit akateremka na watu 20 wasio na pinde. Winslow anamweleza kuwa mtu mwenye mwili wa nguvu, uso mzito, maneno machache. Walimpokea kwa ngoma na tarumbeta, wakamkalisha kwenye mito juu ya zulia la kijani, katika nyumba ambayo ilikuwa haijakamilika. Inasemwa pia kwamba muda wote aliokaa karibu na gavana John Carver alikuwa akitetemeka. Waingereza walidhani ni hofu. Huenda. Lakini mtu aliyejua habari ya ile meli na zile risasi, akakubali kuteremka bila silaha, mimi simwiti mwoga.

Walichokubaliana kwa kweli ni kifupi. Watu wake wasiwadhuru Waingereza. Akitokea mkosaji, ampeleke Plymouth aadhibiwe huko. Zana zikiibwa zirudishwe. Mmoja akishambuliwa pasipo haki, mwingine amsaidie. Na watu wake wakija mjini waache pinde na mishale nyuma. Ardhi haikutajwa hata kwa neno moja. Hapo ndipo Massasoit anapoachana kabisa na Mangungo, ambaye mwaka 1884 Carl Peters alimwekea mbele karatasi ya lugha asiyoijua iliyosema ametoa nchi yake. Mwaka 1621 kilichowekwa mezani ni kusaidiana vitani, na Massasoit ndiye aliyekuwa na shida hiyo zaidi.

Ila kuna jambo moja ningependa sana wanafunzi wako waone kwa macho yao. Mkataba huo umetufikia kwa nakala zaidi ya moja, zote zilizoandikwa na Waingereza. Maelezo yaliyochapishwa London mwaka 1622 yanasema Wawampanoag wataacha pinde wakija Plymouth, kama Waingereza nao watakavyoacha bunduki wakienda kwao. Bradford, alipokuja kuandika historia yake miaka kadhaa baadaye, aliweka pinde tu. Bunduki hazimo. Sifikirii alikaa usiku akipanga uongo. Nadhani kufikia wakati ule alikuwa amekwisha kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa, na hilo linanisumbua zaidi. Na kifungu cha mkosaji kilikuwa cha upande mmoja katika nakala zote: Mwampanoag apelekwe kwa Waingereza, Mwingereza asipelekwe popote.

Tofauti ya maana ilikuwepo tangu siku ile. Massasoit aliambiwa kwamba Mfalme James anamtambua kuwa rafiki na mshirika. Lakini tarehe 13 Septemba mwaka huo huo masachemu tisa waliweka alama zao kwenye karatasi inayosema wao ni raia waaminifu wa Mfalme James. Rafiki na raia ni vitu viwili, na mkalimani mkuu alikuwa Tisquantum, mtu mwenye mambo yake. Mwaka 1622 alibainika akiwatisha wenzake kwamba Waingereza wamezika maradhi chini ya ghala lao na wanaweza kuyafungulia wakitaka, na kwamba yeye ndiye anayeweza kuwazuia. Massasoit alidai akabidhiwe Tisquantum amuue, akisema ndivyo mkataba ulivyotaka. Akatuma kisu chake mwenyewe na ngozi za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalikuwa na bei kubwa Ulaya. Bradford, sasa akiwa gavana, alikiri kwamba Tisquantum anastahili kufa, kisha akavuta muda mpaka wajumbe wakaondoka na hasira zao. Mkataba ulipogeuka upande wa pili, haukufanya kazi. Tisquantum alikufa kwa homa mwezi Novemba mwaka huo.

Karamu, ndiyo, ilikuwepo. Vuli ya 1621, baada ya mavuno, siku tatu. Tunaijua kutokana na barua ya Winslow, mistari michache tu: Waingereza walitoka kuwinda ndege, wakafanya mazoezi ya bunduki, Massasoit akafika na watu wapatao 90, nao wakaenda kuwinda wakaleta kulungu watano. Kama walialikwa au walivutwa na milio ya bunduki, Winslow hasemi. Waambie wanafunzi wahesabu: Waingereza wote, pamoja na watoto, walikuwa kama 50. Wageni wao walikuwa karibu mara mbili, wanaume watupu. Katuni huwa zinachora kinyume. Sikukuu ya kitaifa ya Shukrani ilitangazwa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1863, na hadithi ya mwaka 1621 ikavishwa juu yake.

Ninalolitaja zaidi mimi ni la Machi 1623. Habari zilifika Plymouth kwamba Massasoit ni mgonjwa mahututi. Winslow akaenda, na njiani akaambiwa amekwisha kufa. Alikuta nyumba imejaa watu, waganga wanaimba, wanawake wanamsugua mikono na miguu. Mgonjwa hakuwa anaona tena. Alipoambiwa nani amekuja alinyoosha mkono akaita "Winsnow", maana katika lugha yake sauti ya l ilitamkwa n, akasema hatamwona tena. Winslow, ambaye hakuwa tabibu, alimkwangua ulimi uliovimba, akamlisha kidogo kidogo kwa ncha ya kisu, akampikia uji wa mahindi wenye majani ya stroberi na mizizi ya sasafrasi. Akapona. Kisha akamwomba Winslow azunguke mji mzima awaoshe vinywa wagonjwa wengine wote, na Winslow akafanya hivyo ingawa harufu ilimshinda. Kuku walioagizwa Plymouth kwa ajili ya supu walifika amekwisha kupata nguvu; akakataa wachinjwe, akawafuga. Maneno yake yaliandikwa: sasa naona kwamba Waingereza ni rafiki zangu na wananipenda, na maadamu niko hai sitausahau wema huu.

Naamini alisema kweli, na Winslow naye alimjali kweli. Lakini papo hapo, kwa kulipa fadhila, aliwafunulia kwamba Wamassachusett, kabila jirani, wanapanga kuwashambulia Waingereza wa kituo cha Wessagusset, akataja na vijiji vya Cape Cod ambavyo alisema vimo. Plymouth ikamtuma Myles Standish, kamanda wake wa kijeshi. Aliwaingiza Pecksuot na Wituwamat, wapiganaji wa Wamassachusett, ndani ya nyumba, mlango ukafungwa, wakauawa kwa visu. Kichwa cha Wituwamat kikatundikwa juu ya ngome ya Plymouth. Watu wa Cape Cod walikimbilia vinamasini, na masachemu wao kadhaa wakafia huko, akiwemo Iyanough, aliyekuwa amewasaidia Waingereza miaka miwili kabla. John Robinson, mchungaji wao aliyebaki Uholanzi, aliandika kwa uchungu kwamba ingekuwa heri wangewaongoa wachache kabla ya kumuua hata mmoja. Wanaomlaumu Massasoit, hapa wana hoja, nami simtetei. Baada ya hapo hakuna sachemu jirani aliyethubutu kumpinga, na sidhani kwamba hilo lilimjia kwa bahati.

Miaka kumi ya kwanza hesabu ilishika. Mwaka 1632 Wanarragansett walipomvamia Sowams alikimbilia nyumba ya biashara ya Waingereza iliyokuwa pale, Standish akatumwa, wavamizi wakarudi. Ndivyo alivyokusudia tangu 1621.

Kilichovunja kila kitu ni idadi. Mwaka 1630 Plymouth ilikuwa na watu kama 300. Mwaka huo huo ilianzishwa koloni jirani ya Massachusetts Bay, na katika miaka kama kumi Waingereza wapatao 20,000 walivuka bahari. Mwaka 1633 ndui ikapita tena. Mwaka 1637, kwenye ngome ya Wapequot, kabila jingine la pwani ile, huko Mystic, Waingereza waliwachoma moto mamia ya watu, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee, na Wanarragansett walikuwepo kama washirika wao. Sachemu wa Wanarragansett, Miantonomi, ndiye aliyekuja kusema wazi mwaka 1642, akiwaomba makabila yote yaungane kama Waingereza walivyoungana: ng'ombe na farasi wao wanakula nyasi, nguruwe wao wanaharibu chaza zetu, sote tutakufa njaa. Mwaka uliofuata aliuawa kwa idhini ya wakuu wa makoloni. Sijui neno la kumfariji nalo Massasoit hapa: aliyeona mbele kuliko wote alitoka kwa adui aliyekuwa amemkimbia maisha yake yote.

Yeye alibaki na njia yake. Mwaka 1639 alikwenda Plymouth na mwanawe mkubwa kuufanya upya mkataba, na safari hii aliahidi kutouza ardhi bila ruhusa ya serikali ya koloni. Ardhi ilikuwa imeingia mkatabani. Biva walikuwa wakipungua, hivyo wenyeji walibaki na kitu kimoja ambacho Mwingereza alikitaka. Mwaka 1649 aliweka alama yake kwenye hati ya eneo lililokuja kuwa Bridgewater, maili saba kila upande, kwa makoti 7, mashoka 9, majembe 8, visu 20, ngozi 4 za musi, paa mkubwa wa kaskazini, na yadi 10 na nusu za pamba. Kwa desturi yake, kumpa mtu ardhi ni kumpa haki ya kuitumia pamoja naye, na zawadi hudumisha uhusiano. Kwa desturi ya mnunuzi, ni kuondoka. Lakini kufikia 1653, alipouza sehemu ya Sowams yenyewe kwa pauni 35, siamini kwamba bado alikuwa hajaelewa. Alielewa, ila hakuwa na njia. Jambo moja hakulitoa: alikataa dini yao, na katika mauzo ya ardhi alijaribu kuweka sharti kwamba wasiwahubirie watu wake.

Alifariki karibu na 1661. Mwanawe Wamsutta akashika nafasi yake, na mwaka 1662 Plymouth ikatuma watu wenye silaha wamkamate kwa tuhuma za kupanga vita. Akaugua akiwa mikononi mwao, akafa. Wawampanoag wengi waliamini amepewa sumu. Aliyeongoza kumkamata ni Josiah Winslow, mwana wa yule Winslow aliyemlisha Massasoit kwa ncha ya kisu. Nduguye Wamsutta, Metacom, ambaye Waingereza walimwita Philip, alivumilia hadi 1675, kisha vita vikalipuka, Josiah Winslow akiwa gavana. Metacom aliuawa tarehe 12 Agosti 1676. Kichwa chake kilikaa juu ya mti mjini Plymouth kwa zaidi ya miaka 20, na mateka wengi waliuzwa utumwani visiwa vya Karibi.

Wanafunzi watakuuliza kama Wawampanoag wamekwisha. Hawajaisha. Wa Aquinnah walitambuliwa na serikali ya Marekani mwaka 1987, wa Mashpee mwaka 2007. Lugha yao, iliyokaa zaidi ya karne moja bila msemaji wa kuzaliwa nayo, ilianza kufufuliwa miaka ya 1990 kwa hati za kale na Biblia ya 1663 iliyotafsiriwa kwa ajili ya kuwabadili dini, na sasa wapo watoto wanaoizungumza. Huko Warren, kilima cha Burr's Hill, panapoaminika ndipo alipozikwa Massasoit, makaburi yalifukuliwa mwaka 1913 na vitu vyake vikatawanywa kwenye makumbusho. Wawampanoag walivitafuta kwa miaka 20, kimoja kimoja, pamoja na mifupa ya wazee wao, na mwezi Mei 2017 wakavizika tena palepale.